Deni la Mtu kwa Nafsi Yake: Orodha za Kazi na Swali la Azma

Programu za kupangia kazi, yaani zile za kompyuta na za simu ambamo mtu huandika shughuli anazotaka kuzifanya, akazipa tarehe, akazigawa katika miradi na kuziwekea tiki zinapokamilika, zimeikuza hali moja ambayo zamani ilikuwa ndogo na ya kupita. Ni hali ya kazi iliyovuka tarehe yake, isiyofanywa wala kuachwa, ambayo mwenyewe huisogeza mbele kila asubuhi kwa mguso wa kidole. Kazi za namna hiyo huitwa viporo, na daftari la karatasi nalo lilikuwa na viporo vyake. Lakini daftarini kazi ya jana ilibidi iandikwe upya kwa mkono katika ukurasa wa leo, na tabu hiyo ndogo ilimlazimisha mwenye daftari aamue kama bado anaitaka. Programu imeiondoa tabu hiyo, na pamoja nayo imeondoa uamuzi. Hapo ndipo linapozuka swali la kifalsafa na la kidini pia: je, kazi iliyohamishwa tarehe mara ishirini bado ni kusudio la mtu, au ni kumbukumbu tu ya kusudio lililokwisha kufa, na kama bado ni kusudio, mtu huyo anadaiwa nini, na anayemdai ni nani?

Jibu la kwanza linaloweza kutolewa ni kwamba kusudio limo ndani ya programu yenyewe. Mwaka 1998 wanafalsafa Andy Clark na David Chalmers walichapisha makala yenye hoja kwamba akili ya mtu haikomei kwenye fuvu lake. Walimbuni mtu aitwaye Otto, mwenye maradhi ya kusahau, ambaye huandika kila jambo katika daftari lake na kulifungua kila anapohitaji. Nao wakasema kwamba maadamu daftari yuko nalo daima, hulisoma kwa wepesi na huliamini bila kusita, basi yaliyomo ndani yake ni sehemu ya imani zake, kwa maana ya mambo anayoyashika kuwa kweli, sawasawa na yaliyomo kichwani mwa mtu mwenye kumbukumbu timamu. Kuhusu imani, hoja hiyo ina nguvu, kwa kuwa anwani, mathalani ya jumba la makumbusho, ni ile ile iwe imehifadhiwa kichwani au karatasini. Kusudio lina tabia nyingine. Mwanafalsafa Michael Bratman, katika kitabu chake cha mwaka 1987 kuhusu nia, mipango na fikra za kutenda, alionyesha kwamba kukusudia jambo ni zaidi ya kulitamani na ni zaidi ya kubashiri kwamba litatendeka: ni kulifunga shauri lake. Mtu aliyekusudia kwenda Tanga siku ya Ijumaa hajiulizi tena kama aende, bali hujiuliza aende kwa basi gani, na akialikwa harusi ya siku hiyo hiyo mjini kwake huomba radhi. Kwa hiyo kusudio hutambulikana kwa yale linayoyazuia. Orodha yenye kazi arobaini za leo haizuii chochote, kwa sababu hakuna aitazamaye akaona kwamba siku yake imejaa. Huona tu kwamba yako mengi ambayo ingependeza yafanyike. Kwa kipimo cha Bratman, programu inaweza kuhifadhi maneno ya kusudio kwa muda wowote, lakini kulifunga shauri ni tendo la mtu, nalo halihifadhiki mahali.

Wanazuoni wa Kiislamu walikwisha kulipima jambo hili kwa vipimo vyembamba zaidi, kwa sababu walihitaji kujua ni lini mtu huanza kuandikiwa thawabu au dhambi. Walitofautisha ngazi tano za yale yanayoupitia moyo: hajisi, yaani wazo linaloingia na kutoka papo hapo, khatiri, wazo linalokaa kidogo, mazungumzo ya nafsi, pale mtu anapojishauri atende au asitende, hamu, yaani kuelekea upande wa kutenda, na azma, yaani kukata shauri. Imepokewa katika mkusanyiko wa hadithi wa Bukhari na wa Muslim kwamba anayekusudia jema kisha asilitende huandikiwa jema moja kamili, na akilitenda huandikiwa kumi hadi mia saba na zaidi. Msomaji mwepesi angeweza kudhani kwamba kuandika "kumtembelea mgonjwa" katika simu kunatosha kumpatia lile jema moja. Wafafanuzi hawakulielewa hivyo, kwani walisema kwamba kinachokusudiwa katika hadithi hiyo ni nia iliyoambatana na hima ya kutenda, si wazo lililopita moyoni. Ukweli ni kwamba programu hupokea ngazi zote tano kwa kisanduku kile kile kimoja. Khatiri iliyomjia mtu akiwa ndani ya daladala huandikwa kwa herufi zile zile, hupewa tarehe ile ile na hupiga kengele ile ile kama azma aliyoifikia baada ya usiku mzima wa kutafakari, na siku ya pili mwenyewe hawezi tena kuzitenganisha.

Tuseme basi kwamba baadhi ya yaliyoandikwa ni azma kweli. Linabaki tatizo gumu zaidi, ambalo mwanafalsafa Thomas Hobbes aliligusa mwaka 1651 katika kitabu chake Leviathan alipokuwa akizungumzia mtawala na sheria anazozitunga. Alisema kwamba mwenye uwezo wa kufunga ana uwezo wa kufungua, na kwa hiyo aliyefungwa na nafsi yake peke yake hajafungwa. Waswahili husema ahadi ni deni, lakini deni huwa na watu wawili, mdai na mdaiwa. Na mahali ambapo mdai na mdaiwa ni mtu mmoja, inaonekana kwamba deni linaweza kusamehewa wakati wowote, na deni linaloweza kusamehewa wakati wowote na yule yule anayedaiwa halimfungi mtu. Wako wanafalsafa wa karne ya 20 waliofikia hitimisho kwamba ahadi kwa nafsi haiwezekani kabisa, na kwamba anayesema amejiahidi kuacha sigara anatumia tu lugha ya mkazo.

Hoja ya Hobbes ina ufa, nao unaonekana vizuri zaidi katika sheria za kidini za viapo kuliko katika falsafa. Uwezo wa kujifungua si sawa na kufunguka. Mdai anayemsamehe mdaiwa wake hutenda jambo, hulisema, na baada ya kulisema deni halipo tena. Lakini mdai asiyesamehe wala asiyedai, ambaye kila mwezi husema "tutaonana mwezi ujao", hajasamehe kitu, na deni linaendelea kuoza kati yao. Dini zilizoviangalia viapo kwa makini zilikubali kwamba mtu anaweza kushindwa kutimiza, au anaweza kugundua kwamba alijifunga pasipofaa, nazo zikaweka njia ya kutoka. Ila njia hiyo siku zote ilikuwa ni tendo lenye wakati wake na gharama yake. Sura ya Al-Maida ya Qurani, aya ya 89, inamtaka aliyevunja kiapo atoe kafara, yaani fidia ya ibada: kuwalisha maskini kumi, au kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa, na asiyeweza hayo afunge siku tatu. Katika desturi ya Kiyahudi, anayetaka kuondolewa nadhiri husimama mbele ya watu watatu na kueleza majuto yake, jambo ambalo wengi hulifanya katika mkesha wa mwaka mpya wao. Hata kauli ya "Inshallah", ambayo katika mazungumzo ya kila siku hugeuzwa mara nyingi kuwa adabu ya kukataa, ina kanuni yake katika fikihi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu: anayeapa na kuiunganisha kauli hiyo na kiapo chake hatoi kafara asipotimiza, lakini kwa rai ya wanazuoni walio wengi sharti aitamke pamoja na kiapo, si baada ya kushindwa. Msamaha unaoombwa mapema ni sehemu ya ahadi. Ule unaotungwa baadaye kimyakimya ni kitu kingine.

Kitendo cha kusogeza tarehe hakimo katika njia hizi. Katika programu kadhaa zinazotumiwa sana, kazi zote zilizopitwa na siku hukusanywa juu ya orodha ya leo, na kitufe kimoja huzihamishia kesho kwa pamoja, kumi au thelathini, bila kusomwa moja moja. Hapo hakuna aliyesamehe na hakuna aliyedai. Ahadi haijavunjwa, kwa hiyo hakuna kafara wala majuto. Haijatimizwa, kwa hiyo hakuna faraja ya kweli. Na haijafutwa, kwa hiyo hakuna uhuru. Ubaya wa jambo hili hauko katika uvivu, kwani wengi wanaofanya hivyo ni wachapakazi kupindukia, bali uko katika mazoea yanayojengeka polepole ya mtu kuisikia kauli yake mwenyewe kuhusu kesho na kutoisadiki. Anayezoea kutosadiki anayojiambia amepoteza kitu ambacho hakuna programu inayoweza kumrudishia, na makala haya yanalichukulia hilo kuwa hasara ya kiroho, si upungufu wa ufanisi kazini.

Mwanazuoni wa Kiislamu Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliliona swali la Hobbes kabla ya Hobbes na akalijibu kutoka upande usiotarajiwa. Kitabu cha 38 kati ya vitabu 40 vinavyounda kazi yake Ihya Ulum al-Din kinahusu muraqaba, yaani kujichunga, na muhasaba, yaani kujifanyia hesabu, fani ambayo karne mbili na nusu kabla yake ilikuwa imempa jina al-Harith al-Muhasibi wa Baghdad. Al-Ghazali anaieleza akili kuwa mfanyabiashara na nafsi kuwa mshirika wake aliyekabidhiwa mtaji, na mtaji wenyewe ni umri. Baada ya sala ya alfajiri mtu atenge muda wa kuwekeana masharti na nafsi yake kuhusu siku inayoanza, hatua inayoitwa musharata. Mchana amchunge mshirika huyo. Jioni afanye naye hesabu ya faida na hasara kama wafanyavyo washirika wa biashara. Na ikionekana hiana, yako mambo ya kufuata, yakiwamo adhabu, juhudi zaidi na lawama. Jambo la kuzingatia ni kwamba Al-Ghazali hakubali kuwa mdai na mdaiwa ni mtu mmoja. Anamgawa mtu sehemu mbili, jambo ambalo kila aliyewahi kuahirisha kazi analijua kwa uzoefu; na zaidi ya hapo, mtaji unaoshughulikiwa si mali ya akili wala ya nafsi, bali ni amana ya Mwenyezi Mungu, ambaye atauulizia. Nafsi haiwezi kujisamehe saa iliyopotea kwa sababu saa hiyo haikuwa yake kwanza. Kwa asiyeamini, nafasi ya mdai wa tatu inaweza kushikwa, japo kwa udhaifu, na watoto, na jamaa, au na yule mtu ambaye yeye mwenyewe atakuwa baada ya miaka ishirini na ambaye leo hana sauti ya kujitetea. Lakini bila mdai wa tatu wa namna yoyote, inaonekana kwamba Hobbes anashinda.

Aya ya deni katika Sura ya Al-Baqara, ya 282, ambayo ndiyo ndefu kuliko aya zote za Qurani, inaamuru deni la muda liandikwe, nayo haiishii kwenye maandishi, kwani inamtaka mwandishi aandike kwa uadilifu na inataka mashahidi. Programu ya kupangia kazi ni mwandishi bora kuliko wote waliopata kuwapo: haisahau, haipotezi, haichoki. Lakini shahidi hayumo. Mtakatifu Ignatius wa Loyola, ambaye kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho kilichapishwa mwaka 1548, aliagiza anayepambana na kasoro moja maalumu achore mistari ya siku za juma na kutia alama kila alipoanguka, mara mbili kwa siku, kisha alinganishe siku na siku na juma na juma. Kwa umbo, ni orodha kama zilivyo za leo. Lakini zoezi hilo huanza kwa kumwomba Mungu neema ya kukumbuka, na aghalabu lilifanywa chini ya kiongozi wa roho. Alama ziliwekwa mbele ya mwingine, na ndiyo maana zilikuwa na uzito.

Wanasaikolojia wameongeza jambo ambalo wanazuoni hawa hawakuweza kulipima. Bluma Zeigarnik alichapisha mwaka 1927, huko Berlin, utafiti uliodai kwamba kazi zilizokatizwa hukumbukwa kuliko zilizokamilika. Dai hilo limebishaniwa tangu hapo, ila wazo la kwamba kazi isiyokwisha huendelea kuisumbua akili limebaki. Mwaka 2011 E. J. Masicampo na Roy Baumeister walieleza majaribio ambamo usumbufu huo ulitulia pale watu walipotunga mpango mahususi wa kutimiza lengo, ingawa lengo lenyewe lilikuwa bado halijatimizwa. Hiyo ndiyo faraja ambayo David Allen, mwandishi wa Marekani ambaye mfumo wake wa mwaka 2001 umeathiri sana programu hizi, huwaahidi wasomaji wake: toa kila kitu kichwani, kiweke mahali pa kuaminika, na akili itatulia. Ahadi hiyo ni ya kweli, na kwa mtu aliyelemewa ni rehema. Lakini utulivu unapopatikana kabla ya tendo, kiu iliyokuwa ikimsukuma mtu kutenda hupozwa kwa kuandika, na kama tendo halifuati, amelipwa ujira wa kazi asiyoifanya.

Neno "mahususi" katika utafiti huo ni la lazima, na hapa inafaa kumsikiliza John Mbiti, mwanatheolojia wa Kenya. Katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, Mbiti alichukua maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, na kuyafanya istilahi za nadharia yake ya wakati: kwamba katika fikra za jadi wakati ni mfululizo wa matukio, na kwamba lisilotukia wala lisilo na uhakika wa kutukia karibuni, au kwa mzunguko wa maumbile, haliko ndani ya wakati kabisa. Kwame Gyekye wa Ghana alimpinga mwaka 1987 kwa ushahidi wa Waakan, na pingamizi lake ni la haki, kwa sababu Mbiti alitoka kwenye lugha chache za Kenya akahukumu bara zima. Hata hivyo, kama maelezo ya namna makusudio yanavyoishi na kufa, nadharia yake ni sahihi kuliko alivyodai mwenyewe. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer, katika makala ya mwaka 1999, alionyesha kwamba azma yenye umbo la "likitokea hili, nitafanya lile" hutekelezwa mara nyingi zaidi kuliko azma tupu, kwa sababu imefungwa kwenye tukio ambalo litakuja lenyewe. Aliyesema atasoma juzuu moja baada ya sala ya isha, au atapeleka viatu kwa fundi siku ya gulio, ameiweka kazi yake ndani ya Sasa. Aliyeiweka katika orodha ya "siku moja", ambayo mfumo wa Allen unaipa jalada lake, ameiweka pale ambapo Mbiti angesema hakuna wakati. Na tarehe iliyochaguliwa bila kufikiri, mathalani Jumatatu ijayo, mara nyingi ni "siku moja" iliyovaa namba.

Yote haya hayana maana kwamba chombo chenyewe kina lawama, wala kwamba umbo lake halina njia nyingine. Programu ya Org mode, ambayo mwanafalaki Carsten Dominik wa Amsterdam alianza kuiandika mwaka 2003 ndani ya kihariri cha matini kiitwacho Emacs, huonyesha siku ngapi zimepita tangu kazi ilipopaswa kufanywa. Mtumiaji anaweza pia kuipanga ili kila anaposogeza tarehe imtake aandike sababu, na inamruhusu kuiweka kazi katika hali ya kufutwa, iliyo tofauti na ya kukamilika, nayo ikiambatana na maelezo na saa. Hapo kujifungua kumerudishwa kuwa tendo. Anayeandika "nimeacha, kwa sababu mwalimu amehama na sina tena wa kunifundisha" amefanya jambo la heshima, naye huondoka akiwa huru. Na sababu ile ile ikiandikwa mara ya nne chini ya kazi moja, humwambia mwenyewe ukweli ambao kitufe cha kuhamisha zote kingemficha.

Lipo pingamizi moja la haki. Hesabu ya nafsi ikizidi kipimo hugeuka kuwa waswasi, yaani shaka isiyokoma ambayo fikihi inamwelekeza mtu aipuuze. Na Ignatius mwenyewe, alipokuwa katika mji wa Manresa mwaka 1522, aliteswa vibaya na shaka za namna hiyo kuhusu dhambi alizokwisha kuungama. Kumtaka mtu aeleze kwa maandishi kwa nini hakununua sukari ni kumpeleka kwenye njia hiyo. Dawa ni kutoifanya sukari kuwa ahadi. Sehemu kubwa ya yaliyomo katika orodha ni vikumbusho tu, na kikumbusho kinaweza kuhamishwa mara mia bila kumdhuru yeyote. Yanayohitaji musharata ya alfajiri ni machache, pengine mawili au matatu kwa siku, na kosa ni kuyachanganya na mengine kwa sababu tu skrini inayaonyesha sawa.

Kigezo cha kuyatenganisha kinapatikana katika sheria za mirathi. Muislamu anapofariki, madeni yake hulipwa kutoka katika mali aliyoiacha kabla ya warithi kugawana, na baadhi ya nadhiri zake, kwa mfano ya kuhiji, zinaweza kutekelezwa na jamaa kwa niaba yake. Hayo hayakufa naye kwa sababu kulikuwa na mdai nje ya nafsi yake. Mengine yote aliyoyapanga, kuanzia lugha aliyotaka kujifunza hadi bustani aliyotaka kuipanda, huisha siku hiyo bila mtu kuulizwa. Mwenye simu yenye kazi mia mbili anaweza kuipitia orodha yake jioni moja akiuliza kila moja, kama angefariki usiku huo, ni nani angebaki akiidai. Kwa zile ambazo kuna jina la kutajwa, tarehe haipaswi kuguswa bila kuzungumza na mwenye jina hilo.